Kiti Kilichomshika Mheshimiwa

Wiki iliyopita tulimwacha Mheshimiwa Meya amekaa. Wiki hii bado amekaa.

Si kwa hiari yake. Alipojaribu kuinuka mara ya kwanza, watu walidhani anajiweka sawa. Mara ya pili wakadhani anaufurahia muziki wa bendi. Mara ya tatu kiti kilitoa mlio, na mke wake, anayeijua sura ile tangu siku ya harusi, akajifunika uso kwa ratiba ya sherehe.

Kwa msomaji aliyelikosa gazeti lililopita, mambo ni haya. Uwanja mpya wa katikati ya mji ulikuwa unazinduliwa: uwanja wenyewe, ukumbi wa mikutano unaoutazama, na safu ya viti vya mbao na chuma vilivyofungwa ardhini kwa bolti ili wananchi wasije wakavipenda hadi nyumbani. Yote hayo, kuanzia paa la ukumbi hadi miguu ya viti, yalichorwa na msanifu mmoja kijana ambaye ofisi nzima inamwita Penseli, kwa sababu ni mwembamba, amesimama wima, na ukimshika vibaya anachoma. Lakini kwenye ukuta wa ukumbi, chini ya kitambaa chekundu, kulikuwa na kibao cha marumaru kikisubiri kufunuliwa. Penseli alikuwa amechungulia alfajiri. Kibao kilikuwa na jina moja la msanifu, na halikuwa lake.

Lilikuwa la mwenye ofisi, kaka wa mama yake, bwana anayejiita Profesa. Hajawahi kufundisha popote. Cheo hicho alikipata kwa kinyozi, aliyemsifu siku moja kwa namna anavyoshika kidevu akifikiri, naye hakukirudisha.

"Nani mwenye kiti hiki?" Mheshimiwa aliuliza. Alikuwa akitabasamu, midomo haisogei, maana kamera zilikuwa mbele yake.

Asubuhi ile Profesa alikuwa amemweleza kila mgeni kwamba viti vile ndivyo kilele cha fikra zake. Sasa alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Mpwa wangu," akasema. "Vijana, Mheshimiwa. Unawapa nafasi, halafu unaona matokeo."

Msomaji aizoee lugha hii mapema. Kazi ikisifiwa ni ya "ofisi yetu". Ikiharibika ni ya "mpwa wangu".

Penseli akasogea mbele, akainama kukikagua kiti. Alikuwa amekuja na maneno yake kuhusu kibao, ameyapanga tangu alfajiri, lakini alichokiona kilimfanya ayasahau. Magoti ya Meya yalikuwa karibu na kidevu. Mikono ya kiti ilikuwa imembana nyonga pande zote mbili kama mtu anayebebwa na polisi. Kilikuwa kiti cha Penseli kweli: mgongo uleule uliopinda, mbao zilezile zilizopishana, mikono ileile ya chuma. Ila ni kama kilifuliwa kwa maji ya moto kikasinyaa.

Hadi alfajiri ile, mwezi mzima hakuwa amekanyaga pale. Profesa alikuwa amemtuma kuchora makabati ya duka la nguo la mke wake, akisema msanifu wa kweli hujifunza unyenyekevu kwenye makabati. Na tangu viti vimalizike vilikuwa vimefunikwa turubai, kusubiri siku hii.

Fundi aliyevitengeneza, bingwa wa mbao na chuma, alikuwa amesimama pembeni kifua mbele.

"Fundi, ulipima nini?" Penseli aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mchoro, dada. Umeandika moja kwa kumi. Nikaweka rula, nikazidisha kwa kumi. Sikuongeza hata unywele."

"Kwa nini usisome namba?"

"Namba zipi?"

Akatoa mchoro mfukoni, akaukunjua. Ilikuwa karatasi ndogo, ya kuandikia barua. Penseli aliipima kwa kiganja.

Alikuwa amechora kwenye karatasi kubwa. Lakini Profesa alikuwa amenunua mkoba mpya wa ngozi, mkoba wa kuonekana nao, na karatasi kubwa haikuingia humo bila kukunjwa. Akaagiza michoro yote ichapwe kwa ukubwa wa mkoba. Karatasi ikipunguzwa, mchoro nao hupungua, ila yale maneno "moja kwa kumi" hubaki palepale yakidai ni ya kweli. Hivyo ndivyo karibu theluthi ya kiti ilivyopotelea ndani ya mkoba.

Namba zingewaokoa. Ila namba hazikuwepo. "Namba zinachafua mchoro," Profesa alikuwa ametamka, kidevu mkononi. "Mchoro mzuri haujitetei kwa hesabu." Na hapa tumtendee kila mtu haki: Penseli alikubali. Alizifuta mwenyewe. Kisha akarudi nyuma kidogo, akautazama mchoro uliobaki, akaona ni kweli, ulikuwa umependeza.

"Na hamkukijaribu?" aliuliza.

"Nilikaa mimi mwenyewe," fundi akajibu. "Nilienea vizuri kabisa."

Fundi alikuwa na unene wa waya wa kuanikia nguo.

"Leteni msumeno," msaidizi wa Meya alinong'ona.

"Msumeno?" Mheshimiwa alisema, bado anatabasamu. "Mbele ya kamera? Unikate wapi?"

Mheshimiwa huyu hakudumu madarakani kwa bahati. Ameshawahi kufungua daraja ambalo halijafika upande wa pili, na akashangiliwa. Alinyoosha mkono, akadai kipaza sauti, akachomoa hotuba kutoka mfuko wa kifuani.

"Ndugu wananchi!" akaanza. "Viongozi wengine husimama juu yenu wakiongea. Mimi leo nimeamua kukaa. Chini! Kama nyinyi!"

Wananchi walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, maana viti vya plastiki vilikuwa vya wageni waalikwa tu. Lakini maneno yale yaliwaingia. Makofi yakalipuka. Mzee mmoja akapaza sauti, "Huyu ndiye mtu wa watu!" Kina mama wakapiga vigelegele. Mheshimiwa aliposoma hotuba nzima, kurasa zote, bila kuinuka hata mara moja, mwanahabari mmoja aliyekuwa akisinzia aliamka akaanza kuandika kwa kasi.

"Nani amebuni kiti hiki kinachomshusha kiongozi hadi kwa wananchi?" akauliza.

Profesa alikifikia kipaza sauti kabla swali halijaisha.

"Ni falsafa ya ofisi yetu," alisema. "Viti vya kawaida vinakupokea na kukuachia. Hakuna uhusiano. Hiki kinakukumbatia. Kinakuuliza: ndugu yangu, una haraka ya kwenda wapi?"

"Naomba urudie hapo kwenye kukumbatia," mwanahabari akasema, kalamu hewani.

Penseli alimvuta mjomba wake kwa mkono wa koti.

"Mjomba, sasa hivi tu umesema kiti ni changu."

"Kilikuwa chako kilipokuwa tatizo, mpwa. Sasa kimekuwa dhana."

"Dhana uliitoa wapi? Wewe hata kuchora mraba unaniita nikushikie rula!"

"Punguza sauti. Sisi ni familia."

Kutoka kwenye viti vya plastiki, safu ya mbele, mwanamke mmoja mwenye miwani akakohoa. Ndiye mama yake Penseli na dada yake Profesa, na kikohozi chake huwa si cha mafua.

"Kaka," alisema, "haya si mapya. Baba alipojenga banda la kuku, nani alichonga jina lake mlangoni?"

"Dada, hapa ni hadharani."

"Hata banda lilikuwa hadharani. Kuku wote waliliona."

Wageni wawili watatu walicheka ndani ya leso zao. Profesa alishika kidevu, lakini hakuna wazo lililokuja.

Bendi ilimaliza wimbo wake. Sherehe ilifika mahali ambapo mgeni rasmi anatakiwa kutembea hadi ukutani na kuvuta kitambaa chekundu. Mgeni rasmi hakutembea.

"Nitoeni," Mheshimiwa alisema kupitia meno. "Miguu imekufa ganzi."

Mama mtu hakulala. "Mwenye dhana si huyo hapo?" akamwonyesha kaka yake kwa miwani.

"Kweli," Penseli akadakia. "Mheshimiwa, mbunifu wa kiti amejitaja mwenyewe kwenye kipaza sauti. Tumpishe."

Profesa hakuwa na pa kwenda. Alimshika Meya kwapani, akavuta. Koti likapanda, Meya akabaki. Akazunguka nyuma, akasukuma. Kiti kikalia, Meya akalia nacho kidogo. Akamwinamia sikioni.

"Mheshimiwa, vuta pumzi. Itoe yote. Sasa jione umekuwa mwembamba."

"Profesa," Meya alijibu, tabasamu likiwa limeanza kutetemeka pembeni, "siku nikitoka humu nitakukumbuka."

Profesa alinyooka, jasho likimchuruzika shingoni. Akamsogelea Penseli.

"Mpwa wangu. Damu yangu. Unajua namna ya kumtoa?"

"Najua."

Na kweli alijua. Alipoinama mara ya kwanza mkono wake ulikuwa umepita kati ya nyonga ya Meya na chuma cha kiti, na alichokigusa hakikuwa nyama.

"Basi mtoe!"

"Kwanza useme."

"Niseme nini?"

"Uwanja, ukumbi, viti. Nani kachora. Sema kwenye kipaza sauti, wasikie wote. Siku zote ni jina lako, mjomba. Hospitali ya wilaya, jina lako. Soko, jina lako. Hata kile kistuli nilichomtengenezea bibi umekipeleka kwenye maonyesho kwa jina lako. Leo nataka langu."

Alitegemea vita. Alikuwa amejiandaa kwa kilio cha ukoo, kwa hotuba ya nani alimlipia ada, kwa kuitwa asiye na shukrani. Badala yake Profesa aliinua macho kuelekea ukumbi, juu, kwenye roshani iliyopambwa vitambaa na maua. Akamtazama fundi. Kisha akamtazama mpwa wake, na uso wake ukatulia ghafla, kama wa mtu aliyegundua kuwa mlango wa nyuma uko wazi.

"Unataka jina lako peke yake?" aliuliza.

"Peke yake."

"Haya."

Akachukua kipaza sauti.

"Wananchi, haki ni haki. Nimekuwa nikimficha binti huyu kwa kuwa ni mnyenyekevu. Kila mstari wa kazi hii mnayoiona, kila chuma, kila bolti, ni wake. Mimi sikugusa. Narudia, mimi sikugusa chochote. Mwanahabari, umeandika? Sikugusa."

Mtu anayelilia sifa miaka yote, akaikana mara tatu bila kuombwa, anastahili kutazamwa vizuri. Penseli hakumtazama. Alikuwa anasikiliza makofi, na makofi hayo yalikuwa yake kwa mara ya kwanza.

Akapiga goti mbele ya kiti.

"Mheshimiwa, toa vilivyomo mifukoni. Mifuko ya koti, yote miwili."

"Mifukoni?"

"Wewe unaenea. Mifuko ndiyo haienei."

Ikatoka simu. Ikatoka simu nyingine, ambayo mke wa Mheshimiwa aliitazama kwa udadisi mkubwa kwa kuwa hakuwahi kuiona. Likatoka rundo la funguo za kufungulia nusu ya mji. Mwisho ukatoka mkasi wa dhahabu wa kukatia utepe, ambao wasaidizi walikuwa wameutafuta tangu utepe ukatwe, hadi wakamshuku mpiga tarumbeta.

Mheshimiwa akasukuma mara moja tu, akatoka kama kizibo.

Uwanja mzima ulishangilia. Mheshimiwa alisimama, akajinyoosha, akasikia damu ikirudi miguuni, na furaha ya mtu aliyerudishiwa miguu ikampanda kichwani. Akaenda moja kwa moja ukutani, akang'oa kitambaa chekundu, akalitazama jina la Profesa.

"Kalamu!" akaagiza.

Ikaletwa kalamu ya wino mzito. Mheshimiwa, mbele ya kamera zote, akalikata jina la Profesa kwa mstari mmoja, akaandika la Penseli chini yake kwa herufi kubwa.

"Wachongaji watakuja kulirekebisha," alisema. "Lakini kuanzia sasa, kazi hii yote mwenyewe ni huyu. Sifa ni zake, na lawama ni zake, kama zipo!"

Watu wakacheka. Profesa alicheka kuliko wote.

Mama yake Penseli alikuwa ameshavua miwani, anafuta macho, akimwambia mgeni wa kiti cha pili, "Nilimzaa mimi, yule. Hata akiwa mdogo alikuwa anapanga viatu mlangoni kwa ukubwa." Penseli alisimama karibu na kibao akinusa wino. Hakulia, si mtu wa kulia. Ila alilisoma jina lake mara kadhaa, kuhakikisha herufi zote zipo.

"Sasa napanda roshani, niwapungie wananchi!" Mheshimiwa alitangaza, akaingia ukumbini na wasaidizi wake nyuma.

Fundi akaja, mkono mbele.

"Hongera, dada. Nami nitajisifu popote, nilifanya kazi na wewe. Subiri tu watoe yale maua uone ukingo wa roshani. Hiyo ndiyo kazi yangu ya maana."

"Ukingo?" Penseli akageuka. "Ukingo si ulikuwa ufungwe na watu wa chuma cha majengo?"

"Profesa aliwanyang'anya akanipa mimi, ulipokuwa kwenye makabati. Mchoro wake nao ulikuwa mle mle mkobani."

Penseli hakuona haja ya kuuliza ukubwa wa karatasi. Aliuliza hata hivyo.

"Ndogo kama hii?"

"Kama hiyo hiyo. Tena leo asubuhi nilimwambia Profesa, mbona ukingo unanifika pajani, ndivyo mlivyotaka? Akaniambia niufunike maua, nisimsumbue mtu siku ya sherehe."

Palikuwa na kivuli pembeni yake. Profesa alikuwa amesogea taratibu, kidevu mkononi.

"Hongera, mpwa wangu," alisema kwa upole wa kweli. "Kila mstari."

Ukingo ule Penseli aliuchora umfike mtu mrefu juu ya kiuno, ili hata aliyeinama asianguke. Tena shida haikuwa urefu tu. Nguzo zake zilikuwa zimesinyaa, na bolti zake zilikuwa zimesinyaa. Chuma kikipunguzwa unene kwa theluthi, nguvu inayopotea si theluthi. Ni zaidi ya nusu. Hili hata anayejiita profesa anatakiwa kulijua.

Juu, milango ya roshani ikafunguka. Mheshimiwa akatokea, mikono hewani. Wasaidizi walisogeza maua pembeni ili kamera zimwone vizuri, na uwanja mzima ukaona ukingo mweusi wa chuma, mzuri, mwembamba, ukimfika mapajani.

Penseli angeweza kunyamaza. Wino wa jina lake ulikuwa haujakauka. Huenda Mheshimiwa angepunga mkono, akarudi ndani, na ukingo ungebadilishwa kimyakimya siku ya kazi, na kibao kikabaki. Aliwaza hivyo kwa muda mfupi, na hatutamsingizia kwamba hakuwaza.

Kisha akakipokonya kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji.

"Mheshimiwa, rudi nyuma! Usiegemee ukingo! Umekosewa vipimo, na kosa ni langu!"

Bendi ikakatiza wimbo. Mama yake akavaa miwani tena.

Mheshimiwa alitazama chini, akamwona yule binti mwembamba, akacheka kicheko cha mtu mwenye siku nzuri.

"Mnamsikia?" aliwauliza wananchi. "Huu ndio unyenyekevu aliouzungumzia Profesa! Binti, nilikaa kwenye kiti chako, na nikainuka. Wewe ndiye uliyenitoa. Ukingo ndio utanishinda? Mimi nakuamini, na nitawaonyesha wote hawa kwamba nakuamini."

Akaweka viganja vyote viwili kwenye chuma, akainama mbele, akauachia uzito wake wote.

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Ndani ya makofi hayo, kitu kidogo kilidondoka kutoka juu, kikagonga sakafu, kikaviringika hadi mbele ya kiatu cha Profesa. Ilikuwa nati.

Profesa aliitazama. Kisha akainua mguu, akaikanyaga, akaendelea kupiga makofi.